Sharti la bima kulipia uchunguzi wa saratani (Marekani)

Sharti la bima kulipia uchunguzi wa saratani ni kanuni ya kisheria nchini Marekani inayozilazimisha bima nyingi za afya za binafsi kugharimia vipimo vya saratani kwa watu wasio na dalili, bila mwanachama kutoa hata senti mfukoni.

Chimbuko lake ni sheria ya mageuzi ya afya aliyoitia saini Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Vipimo hutathminiwa na jopo la wataalamu wa kinga linalotoa madaraja kulingana na ushahidi. Ni madaraja A na B tu yanayozibana bima. Jopo linashauri picha ya matiti kila baada ya miaka 2, kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. Umri wa kuanza uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana ulishushwa mwaka 2021 kutoka miaka 50 hadi 45.

Uchunguzi wa saratani ya tezi dume ulipata daraja C, hivyo ukabaki nje. Ni pengo zito, ambalo jimbo la New York lililiziba kwa sheria yake iliyoanza kutumika 2019.

Mgogoro mkubwa ulikuwa kipimo cha pili: aliyekutwa na dalili kwenye kipimo cha choo aliweza kudaiwa gharama za kamera ya utumbo, hadi mwongozo wa serikali wa 2022 ulipozifuta.

Sharti lenyewe pia lilipingwa mahakamani; tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba uteuzi wa wanajopo haukiuki katiba, na sharti likabaki.