Sentimita Sita

Binamu yangu aliposhusha gari yake hakununua kipuri hata kimoja. Fundi alitoa springi, akazikata kwa grainda, akazirudisha. Jioni tukatoka nayo kuelekea Kiambu, mimi kiti cha mbele, na kusema ukweli ndai ilipendeza. Kwenye kona moja yenye mashimo, gurudumu la nyuma liligonga, likaruka, gari ikateleza hadi upande wa magari yanayokuja. Bahati yetu, hakukuwa na lingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya kushusha magari, nikitaka kujua tulikosea wapi. Visa viwili vimenikaa akilini.

Cha kwanza ni cha California. Vijana Wamarekani wenye asili ya Meksiko walikuwa wakikata springi, au kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti, ili gari ikae chini. Hawakuwa na haja ya mbio. Walitaka kutembea polepole, waonekane. Kisha Januari 1958 sheria ikaanza kukataza gari yenye sehemu yoyote iliyo chini kuliko rimu. Mwaka 1959, Ron Aguirre alifunga haidroliki kwenye Corvette yake kwa kutumia pampu za ndege. Polisi wakitokea, anainua. Wakishapita, anashusha.

Cha pili ni cha Formula 1, na huko shida ilikuwa mbio zenyewe. Gari ikipiga kona, uzito hukimbilia tairi za nje, za ndani zikabaki zinagusa lami kwa shingo upande. Uzito ukikaa chini, unaohama ni mdogo, na tairi zote nne zinafanya kazi. Magari ya wakati huo yalikuwa na faida nyingine pia: hewa inayopita kwa kasi chini ya gari iliyainamisha kwenye lami kama vile kuna kitu kinayavuta. Kadiri gari inavyokaribia ardhi, ndivyo inavyoshika.

Kwa hiyo mwaka 1981 wakuu wa mchezo waliamuru kila gari iwe sentimita 6 juu ya ardhi. Lakini kipimo kilichukuliwa gari ikiwa imesimama. Gordon Murray, mhandisi wa Brabham aliyezaliwa Durban, akatengeneza mfumo wa hewa na mafuta: gari ikishika kasi, upepo wenyewe unaikandamiza chini, ikirudi kupimwa, imeshainuka. Nelson Piquet akatwaa ubingwa wa mwaka huo kwa pointi 1.

Unaona walivyofanana? Wote wawili walikuwa na njia ya kurudi juu.

Timu zingine zilipoiga, springi zikafanywa ngumu hadi madereva wakalalamika kwamba kila tuta linawaumiza mgongo. Hilo ndilo lililotupata Kiambu. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu zaidi, nayo shokomzoba ni ile ile ya zamani, haijaandaliwa kwa kazi hiyo. Nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka inaisha haraka. Ikiisha, gari inagonga kama mkokoteni, na tairi iliyo hewani haishiki chochote. Kwenye lami laini ya mashindano, gari iliyo chini hushinda. Kwenye barabara zetu inategemea shimo linalofuata.

Na hili tulipaswa kulijua sisi kabla ya wengine. Safari Rally ilianza hapa Afrika Mashariki mwaka 1953, na timu za kiwandani zilizokuja kushindana ziliinua magari yao, zikaimarisha springi na shokomzoba. Wazungu walisafiri mbali kote huko kuja kujifunza kuinua gari. Sisi tunalipa fundi aishushe.

Binamu anasema atanunua springi na shokomzoba zinazoendana mwisho wa mwezi. Mimi kwa sasa napanda matatu.