Maumivu ya Neva, au Ganzi Inayouma

Muulize mtu aliyemaliza dripu za saratani miezi michache iliyopita miguu yake inaendeleaje, naye huenda akakujibu: "Imekufa ganzi, tena inawaka moto." Asiyejua atadhani mgonjwa amejichanganya, maana kilichokufa ganzi kitaumaje? Lakini jibu hilo lina ukweli mwingi kuliko baadhi ya istilahi tunazomwandikia kwenye vipeperushi.

Madaktari huiita hali hiyo niuropathi, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya ugonjwa wa neva. Inapouma huongeza kwamba hayo ni maumivu ya kiniuropathi. Vipeperushi vyetu hupenda "ugonjwa wa mishipa ya fahamu", na mitaani watu hufupisha: "mishipa". Hapo ndipo mambo huharibika. Mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, mshipa ni ule wa shingo uliokaza baada ya kulala vibaya, na mwanamume akisemwa "ana mshipa" watu huelewa ngiri au busha. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mishipa yake imeathirika anaweza kurudi nyumbani akiamini kuwa damu haifiki miguuni, akaanza kuikanda kwa maji ya moto. Mguu usiohisi hauwezi kumwonya kwamba anaungua. Ndiyo maana mimi nasema neva, ingawa neno lenyewe limetoka ng'ambo: halina ndugu wa kuchanganywa nao.

Mwaka 2011 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilirekebisha fasili: maumivu ya neva ni yale yanayosababishwa na jeraha au ugonjwa wa mfumo wa neva za hisia. Katika maumivu ya kawaida, kidole kimejikwaa na neva inaleta habari. Katika haya kidole ni kizima. Mleta habari ndiye aliyejeruhiwa. Hivyo "maumivu ya miguu" ni tafsiri mbaya hata kama mgonjwa anayasikia miguuni.

Jeraha hilo hupatikanaje? Kiini cha neva inayohisi ncha ya kidole gumba cha mguu kimekaa karibu na uti wa mgongo, na uzi wake mmoja unasafiri takriban mita nzima hadi kidoleni. Ndani ya uzi huo mna vijineli vinavyofanya kazi kama reli, vikisafirisha chakula na vipuri kutoka kwenye kiini. Seli ya saratani nayo huhitaji vijineli vya aina hiyo ili igawanyike, na huko ndiko dawa zinakolenga. Vinkristini, inayotokana na ua la asili ya Madagaska, huvizuia visijengwe. Paklitakseli huvigandisha visibomolewe na kujengwa upya. Saratani inakwama, lakini na safari ya kidoleni inakwama. Nyuzi ndefu ndizo huumia kwanza, kwa hiyo hali huanzia vidole vya miguu, ikafuata vya mikono, kwa umbo la soksi na glavu. Sisplatini na oksaliplatini hupita njia nyingine: hushambulia viini vyenyewe kando ya uti wa mgongo, na madhara yake yanaweza kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mgonjwa anaambiwa amemaliza, kumbe neva hazijamaliza.

Dawa hizi si ngeni kwetu. Vinkristini imetumika tangu zamani Kampala kutibu uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958. Paklitakseli hutumika kwa saratani ya matiti na ya Kaposi, sisplatini kwa ya shingo ya kizazi. Wala miguu inayowaka si ngeni. Waliotumia stavudini kwa ajili ya VVU, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua, wanaijua vizuri. Wagonjwa wa kifua kikuu nao hupewa vitamini B6 kuzilinda neva dhidi ya isoniazidi, na nahisi huko ndiko baadhi ya watu walikotoa imani kwamba B6 huponya ganzi ya kila aina. Kwa ganzi ya dripu haijathibitika kusaidia, na ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva.

Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2014 ulikuta dalili kwa asilimia 68 ya wagonjwa mwezi wa kwanza baada ya dripu, na asilimia 30 miezi sita au zaidi baadaye. Parasetamoli na diklofenaki haziwafai sana, kwa kuwa hapana uvimbe wa kutuliza. Dawa yenye ushahidi bora ni duloksetini, ambayo kwa asili ni ya sonona: katika jaribio la mwaka 2013 asilimia 59 ya walioitumia walipungukiwa na maumivu, dhidi ya asilimia 38 ya waliopewa vidonge bandia. Ni nafuu, si muujiza, na ganzi yenyewe haiondoki nayo.

Kinga ya maana ni kupunguza au kusogeza dozi mapema, na uamuzi huo hutegemea sana maneno ya mgonjwa, kwani hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha maumivu haya. Wengi hunyamaza wakihofia dripu isije ikasimamishwa. Swali la "una maumivu?" halitoshi, aliyekufa ganzi atajibu hapana kwa moyo mweupe. Afadhali muuguzi aulize kama kandambili humtoka mguuni bila yeye kujua, kama hufunga vifungo vya shati mwenyewe, kama huyumba akitembea gizani.

Hali moja bado inatusumbua kuipa jina: shuka ikigusa vidole, inauma. Wataalamu huiita alodinia. Nimependekeza "maumivu ya mguso", na mhariri mmoja akanijibu kwamba hayo ni ya mtu aliyeguswa jeraha. Ana hoja. Labda "mguso mchungu", ila hilo nalo linanusa ushairi kuliko zahanati.