Daft Punk: kila walipobadilisha muziki, mashabiki waligawanyika

Wasikilizaji wengi wanaijua « Get Lucky ». Ikipigwa kwenye sherehe, hata mzee anainuka. Lakini kuna wapenzi wa zamani wa Daft Punk ambao wimbo huo unawauma: kwao, ndiyo siku ambapo mashini waliyoipenda ilizimwa. Kundi hili la Ufaransa lilidumu miaka 28 na likatoa albamu nne tu za studio. Kuanzia ile ya pili, kila moja ilileta ubishi kati ya watu waliopenda iliyotangulia. Hebu tuangalie ubishi huo ulitoka wapi.

Ni akina nani?

Daft Punk ni watu wawili: Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo. Walikutana shuleni, Lycée Carnot ya Paris, mwaka 1987. Mwanzoni walipiga gita katika kundi la roki lililoitwa Darlin'. Gazeti moja la Uingereza liliwacheka kwamba muziki wao ni kelele za kipumbavu, nao wakachukua maneno ya tusi hilo wakayafanya jina la kundi jipya, mwaka 1993.

Muziki haukuwa mgeni nyumbani kwa Bangalter. Baba yake, Daniel Vangarde, ni mmoja wa walioandika « D.I.S.C.O. » ya kundi Ottawan, wimbo ambao wazazi wetu wengi waliucheza.

1997: albamu ya chumbani

Albamu ya kwanza, « Homework », ilitoka Januari 1997. Waliitengeneza nyumbani, chumbani kwa Bangalter, kwa sinteza, mashini za kupiga ngoma na sampla, yaani mashini inayokata kipande cha wimbo na kukirudia. Ni muziki mkavu, wa bwati, usiku wa manane. Katika « Around the World » maneno ni matatu tu, yanarudiwa zaidi ya mara mia moja. Anayesikiliza akiwa amekaa anaweza kuchoka. Anayecheza hachoki.

Mashabiki wa kwanza walipatikana hapo. Walipenda ule ugumu, na walipenda kwamba vijana wawili, bila studio kubwa, waliweza kuichezesha dunia. Ukumbuke jambo hilo, maana ubishi wote uliofuata ulitoka humo.

2001: disko inarudi

Mwisho wa mwaka 2000 ukatoka wimbo « One More Time », kiisha albamu « Discovery » mwaka 2001. Siku hizo wawili hao walikuwa wameanza kuvaa kofia za roboti zinazofunika uso wote, kama za motari. Walieleza kwa utani kwamba sampla yao ililipuka tarehe 9/9/1999, wakaamka wakiwa roboti.

Muziki nao uligeuka. Ukaingia utamu wa disko na nyimbo walizozisikia utotoni, pamoja na sauti za waimbaji. Katika « One More Time », sauti ya Mmarekani Romanthony imepitishwa kwenye mashini hadi haifanani tena na ya mtu wa kawaida. Kwa watu wa bwati huu ulikuwa muziki wa redio, mtamu kupita kiasi. Wengine walichukia sauti hiyo ya mashini. Bangalter aliwajibu kwa kukumbusha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na wanamuziki Ufaransa waliotaka sinteza zipigwe marufuku.

Leo wengi wanaiona « Discovery » kuwa albamu yao bora. Sauti ile iliyolaumiwa, utaisikia siku hizi karibu kila mahali.

2005: wiki sita

Albamu ya tatu, « Human After All », waliirekodi kwa muda wa wiki sita hivi. Ni gita nzito na vipande vifupi vinavyorudiwa bila huruma. Safari hii waliolalamika ni wale waliokuja kwa utamu wa « Discovery ». Walisema kazi ilifanywa haraka na nyimbo hazijakomaa.

Kiisha likatokea jambo la ajabu. Aprili 2006, kwenye tamasha la Coachella huko Marekani, Daft Punk walipanda ndani ya piramidi kubwa ya taa, wakachanganya nyimbo za albamu hiyo iliyolaumiwa na zile za zamani. Ngoma ya huku, sauti ya kule, vyote vikaingiana. Watu wakapagawa. Zile nyimbo zilizoonekana kavu nyumbani zilikuwa zinangoja umati. Safari hiyo ya matamasha ilizaa albamu « Alive 2007 », ambayo ilipata Grammy.

2013: roboti wanaita watu

Mwezi Mei 2013 ikatoka « Random Access Memories ». Hapo sampla iliwekwa pembeni karibu kabisa. Wakaitwa wapigaji wenye mikono yao: Nile Rodgers kwenye gita, Nathan East kwenye besi, Omar Hakim na JR Robinson kwenye ngoma. Giorgio Moroder, mmoja wa mababa wa disko ya sinteza, aliletwa asimulie maisha yake ndani ya wimbo wa dakika tisa.

Januari 2014 albamu hiyo ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka. Mamilioni waliingia kwa mara ya kwanza. Lakini wapenzi wa « Homework » waliuliza: kama ni kuita wapigaji bora na kukodi studio za gharama, sasa kijana wa chumbani anabaki na nini? Upande wa pili ukajibu: wale waliokuwa wanakata vipande vya disko ya wengine, sasa wanaipiga disko yenyewe na kuwalipa wenyewe. Hayo si maendeleo?

Juu ya nini ubishi hauishi

Wanaobishana hawasikilizi kitu kimoja. Mmoja anafuata kifaa: mashini, mrudio, ukavu. Mwingine anafuata hisia, iwe imetoka kwenye mashini au kwenye vidole vya mtu. Wa tatu anafuata ujana wake, na albamu aliyokutana nayo akiwa na miaka 17 haitashindwa na yoyote.

Hata wanaohukumu kwa kazi hubadilika. Jarida la Marekani Pitchfork liliipa « Discovery » alama 6.4 kati ya 10 mwaka 2001, na « Random Access Memories » 8.8 mwaka 2013. Mwaka 2021 lilipitia upya hukumu zake: ya kwanza ikapanda hadi 10, ya pili ikashuka hadi 6.8. Nyimbo hazikubadilika hata noti moja. Masikio ndiyo yaliyobadilika.

Baada ya kofia

Tarehe 22 Februari 2021, kwa video ya dakika nane, Daft Punk walitangaza mwisho. Mwaka 2023 Bangalter akatoa « Mythologies », muziki wa orkestra alioutungia densi ya baleti, bila mashini hata moja. Wengine wakapiga makofi, wengine wakauliza ngoma iko wapi.

Msikilizaji anayetaka kuamua mwenyewe, aanze na « Da Funk » ya 1995, afuate « One More Time », kiisha « Giorgio by Moroder ». Halafu aisikilize « Robot Rock » mara mbili: kwanza kwenye albamu ya 2005, kiisha ndani ya « Alive 2007 », umati ukiwa unapiga kelele.