Gobore na jicho lake: safari ya shabaha kutoka Tabora hadi Ghuba

Kwa nini bunduki nyingi za kushindilia zilizoenea Afrika Mashariki hazikuwa na chuma cha nyuma cha kulengea? Makala haya ya historia yanalifuata swali hilo kutoka karakana moja ya mtaa wa Najma, mjini Doha.

Mimi ni mkaazi wa Najma, mtaa wa mji mkuu wa Qatar uliojaa maduka ya vyuma na vyumba vya wafanyakazi waliotoka kila pembe ya dunia. Hapa pia ndipo lilipo soko la vitu vilivyokwishatumika, Souq Al Haraj. Katika pitapita zangu za kutafuta meza ya kuandikia nilimfahamu fundi mmoja Mtanzania, mzaliwa wa Tabora, ambaye amekula chumvi nyingi na anayejipatia riziki kwa kuchonga na kuunga vyuma. Aliniruhusu kuyasimulia haya kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake.

Baba yake alikuwa mhunzi. Pamoja na majembe na mashoka, aliwatengenezea wawindaji magobore, yaani bunduki zinazojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki. Jioni moja, chai ikiwa mezani, nilimwuliza kama baba yake alikuwa akiziwekea bunduki hizo vyuma vya shabaha.

"Mwanangu," alinijibu, "wengi walitaka liwake na litoe mlio. Jicho aliliweka kwa mtu mmoja mmoja."

Kwa "jicho" alikusudia chuma cha nyuma, chenye mwanya au tundu, ambacho mlengaji hukichungulia. Chuma cha mbele, kilicho karibu na mdomo wa mtutu, aliita "punje". Mtu hulenga kwa kuiweka punje katikati ya jicho, kisha punje hiyo akaiweka juu ya mnyama. Ni jambo jepesi kulieleza redioni. Kulitenda, aliniambia, kulimchukua baba yake siku mbili au tatu, na muda mwingi haukupotea katika kuchonga bali katika kuchagua.

Punje ilikatwa kutoka kipande cha shaba, mara nyingi cha kufuli bovu, kwa sababu shaba huonekana hata jua likizama, ilhali chuma cheusi humezwa na kivuli cha pori. Iliachwa ndefu kwa makusudi. Mwenye bunduki alipiga risasi tatu kwenye gogo, kwa kipimo kile kile cha baruti. Risasi zikienda chini, punje ilipunguzwa kwa tupa kidogo kidogo, maana kila inapofupishwa ndipo risasi inapopanda. Aliyekata mno hakuwa na njia ya kurudisha, ila kuunga punje mpya. Risasi zikienda kushoto, jicho liligongwa taratibu kuelekea kulia.

Na jicho lenyewe likae wapi? Hapa palikuwa na hekima ambayo sikuitarajia. Mhunzi yule hakukubali kuchimba mfereji wa kulikalishia jicho juu ya sehemu ya mtutu inakowakia baruti, kwani huko ndiko ukuta wa chuma unakobeba nguvu yote. Alilisogeza mbele na kuliunga kwa lehemu. Kwa wateja wazee alilisogeza mbele zaidi, kwa sababu mwanya ulio karibu mno na jicho la mzee huonekana kama ukungu. Nami nimepita miaka arobaini na sasa nasoma taarifa zangu kwa miwani, kwa hiyo sikuhitaji maelezo ya ziada.

Lakini tulirudi kwenye lile jibu lake la kwanza: kwa nini ni mtu mmoja mmoja tu? Ili kulipata jibu, msikilizaji, hatuna budi kurudi nyuma hadi karne ya 19, pale bunduki zilipoanza kuingia bara kwa wingi kupitia Zanzibar.

Bunduki hizo za mwanzo zilikuwa za gumegume, zilizotengenezwa Ulaya kwa ajili ya majeshi, kisha zikauzwa kama mali chakavu, au zilizoundwa kwa ajili ya biashara ya Afrika tu. Mfano mashuhuri ni ile ya jeshi la Uingereza iliyopewa jina la utani la Brown Bess. Upana wa mtutu wake ulikuwa kama milimita 19, na risasi yake ya mviringo kama milimita 17.5. Tofauti hiyo iliwekwa ili askari aweze kushindilia upesi hata mtutu ukiwa umejaa masizi. Matokeo yake ni kwamba risasi ilitoka ikigongagonga kuta za mtutu, na upande ilioelekea ulitegemea mahali ilipogonga mwisho. Bunduki hiyo haikuwa na chuma cha nyuma cha kulengea. Mbele ilikuwa na kijipande cha chuma kilichokusudiwa kushikilia singe. Zaidi ya mita mia moja, kumpiga mtu mmoja kulikuwa bahati tu.

Haukuwa uzembe wa mafundi. Chuma cha shabaha hufaa pale tu risasi ya pili inapokwenda ilikokwenda ya kwanza. Katika Kiswahili cha zamani neno "kiasi" lilikuwa pia jina la baruti na risasi zilizopimwa kwa mpigo mmoja. Pasipo kiasi, shabaha haina kazi.

Kwa hiyo nguvu ya bunduki hizo ilikuwa katika wingi na mlio. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, alijulikana kwa jina la Tippu Tip, na yeye mwenyewe alilinasibisha jina hilo na sauti ya bunduki za watu wake. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka kupitia kisiwa hicho. Nyingi zilikuwa za kushindilia.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuvuka hatua nyingine. Mitutu ilichongwa ndani mifereji ya mzunguko inayoizungusha risasi na kuifanya iende moja kwa moja. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa bado ya kushindilia kwa mdomo, lakini chuma chake cha nyuma kilikuwa kama ngazi ndogo inayoinuliwa, yenye alama za masafa ya zaidi ya mita 800. Hapo ndipo jicho lilipogeuka kuwa suala la siasa. Baada ya maasi ya askari wa Kihindi ya mwaka 1857, Waingereza waliwapa askari wenyeji wa India bunduki ya mwaka 1858, iliyofanana na Enfield kwa sura, lakini mifereji ya ndani ilikuwa imekwanguliwa na ngazi ya shabaha imeondolewa, pakawekwa kijichuma kisichosogezwa. Askari aliaminiwa kubeba bunduki. Hakuaminiwa kulenga mbali.

Kwa maoni yangu, fikra hiyo hiyo ndiyo iliyoandikwa miaka 32 baadaye katika Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Mkataba huo unakumbukwa zaidi kwa vifungu vyake dhidi ya biashara ya watumwa, lakini pia ulizuia kuingizwa silaha katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Ulikataza hasa bunduki zenye mifereji. Zile za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachiwa mlango chini ya masharti. Dola zenyewe zilijiruhusu silaha za kisasa kwa majeshi yao. Sisemi kwamba walioutia saini hawakuchukizwa na utumwa. Nasema kwamba matokeo yalikuwa Mwafrika kubaki na bunduki isiyolenga, mbele ya askari mwenye bunduki inayolenga.

Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipozuka kusini mwa Tanganyika, wapiganaji wengi walikuwa na mikuki na baadhi yao magobore. Tarehe 30 Agosti mwaka huo waliivamia boma ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha.

Sasa tuangalie ramani tukiwa hapa Ghuba. Muscat iko kaskazini kidogo ya nyuzi 23, na Doha imepita nyuzi 25. Miji yote miwili ilikuwa nje ya mpaka wa Brussels. Biashara iliyobanwa katika pwani ya Afrika ilistawi Muscat, ambako bunduki za kisasa zilishushwa kutoka Ulaya na kuvushwa kwenda Uajemi na hadi mipaka ya Afghanistan. Manowari za Uingereza zilizisaka jahazi kwa miaka kadhaa, mpaka Sultani Faisal bin Turki alipokubali mwaka 1912 kuanzisha ghala maalumu la kuidhibiti biashara hiyo.

Kabla ya hapo, Waomani walikuwa na bunduki yao ya utambi, iitwayo kwa Kiarabu abu fatila, maana yake "yenye utambi". Ilitumika katika bara la Oman hata karne ya 20 ilipoingia. Mitutu yake mingi ilitoka Uajemi na Uturuki. Jambo la kushangaza ni kwamba bunduki hii, ambayo kwa ufundi wa kuwasha ni ya kale kuliko gumegume, mara nyingi ilikuwa na chuma cha nyuma kilichosimama wima na kutobolewa tundu dogo la kuchungulia. Tundu la namna hiyo husafisha macho ya anayechungulia, hata macho ya mzee. Mabedui hawakuwa na baruti ya kutawanya jangwani.

Nilimchorea fundi wangu tundu hilo kwenye karatasi ya kufungia mkate. Alilitazama kwa muda mrefu. Akasema wale wachache waliomwomba baba yake jicho hawakuwa matajiri. Walikuwa wawindaji wenye viasi viwili au vitatu vya baruti kwa mwezi mzima, watu ambao risasi moja iliyokosa ilikuwa siku nne bila kitoweo.

Ndipo aliponisimulia kwa nini baba yake aliacha. Mwindaji mmoja alitengenezewa jicho na punje wakati wa kiangazi, vikapimwa kwa baruti kavu, risasi zikaingia goli moja kama vidole vya mkono. Masika yalipofika, alijaza baruti nyingine, iliyochanganywa nyumbani na iliyokuwa imeshika unyevu. Alimlenga nyati begani, kwa imani yote aliyokuwa nayo katika jicho lile. Risasi ilishuka, ikamjeruhi mguuni. Mtu yule alirudi akiwa hai, lakini hakutembea sawasawa tena.

"Hakumlaumu baba," alisema fundi. "Baba ndiye aliyejilaumu. Alisema asingemwekea jicho, yule mtu angesogea karibu zaidi, au angemwacha nyati apite."

Leo kazi ya baba yake ingempeleka gerezani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha inataka kibali kwa kumiliki na kwa kutengeneza, na gobore haliondolewi. Fundi hana kinyongo na sheria hiyo. Yeye mwenyewe hajawahi kutengeneza hata moja. Alichorithi ni tupa ya baba yake, ambayo alinionyesha, mpini wake umefungwa kwa ngozi. Bado anaitumia, kwa bawaba za milango ya Wahindi na Waarabu wa Najma, na kila anapoanza hukata kidogo kuliko inavyohitajika.