Mavazi ya Jadi ya Denmark

Mavazi ya jadi ya Denmark, ambayo wenyewe huyaita folkedragter, ni nguo walizovaa wakulima na mabaharia wa nchi hiyo, hasa kati ya 1750 na 1850 hivi. Hayakuwa sare ya taifa. Kila kisiwa na kila wilaya ilikuwa na mshono wake, na mwenyeji akimtazama mwanamke kanisani alijua anatoka upande gani, kama ameolewa na kama yuko msibani. Tofauti hizo zilistawi kwa sababu watu hawakuhama sana: kuanzia 1733 hadi 1788 sheria iliwazuia wanaume wa vijijini kuondoka kwenye ardhi ya bwana wao.

Nguo nyingi zilianzia nyumbani. Mmea wa kitani ulilimwa, kondoo wakanyolewa, na kitambaa cha sketi mara nyingi kikafumwa kwa mtande wa kitani na mshindio wa sufu, kizito na kigumu kuchakaa. Ndani mwanamke alivaa shumizi ya kitani, na juu yake koti fupi la kubana lililofumwa kwa sindano, la rangi nyekundu, kijani au buluu. Koti hili ni la kutazamwa kwa karibu. Nakshi yake, aghalabu nyota yenye pembe nane, haikutumia uzi wa rangi nyingine. Mfumaji aligeuza vitanzi tu, nyota ikachomoza ndani ya rangi ileile. Kisha zikafuata sketi, aproni na mtandio wa mabegani. Fahari yote ilikuwa kichwani: huko Sjælland, wake wa wakulima wenye uwezo walivaa kofia ya kisogoni iliyodariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha, kazi ya mafundi wanawake.

Wanaume hawakutofautiana hivyo. Suruali ziliishia magotini, soksi ndefu zilikuwa za sufu, vizibao viwili au vitatu vilivaliwa kimoja juu ya kingine, na miguuni, wakati wa kazi, mitalawanda. Vifungo ndivyo vilivyosema: vya fedha kwa mwenye nacho, vya bati kwa asiye nacho.

Katika eneo la Hedebo, kati ya Copenhagen, Roskilde na Køge, wanawake walidarizi kwa uzi mweupe juu ya kitani cheupe. Walikata nyuzi za kitambaa na kuzivuta, kisha wakashona kingo za matundu hadi yakafanana na lesi. Bibi harusi alimshonea bwana harusi shati la namna hiyo, na ustadi wake ukaonekana na wote. Kisiwani Amager mshono ulitoka mbali zaidi, kwani Mfalme Christian wa Pili aliwaalika huko wakulima wa Kiholanzi mnamo 1521, na wazao wao wakadumisha mavazi yenye asili hiyo kwa vizazi vingi.

Visiwa vya Fanø na Læsø ndivyo vilivyoshika mila kwa nguvu. Wanaume walikuwa baharini, wanawake wakabaki na mashamba na mavazi. Læsø ilijulikana kwa mapambo ya fedha kifuani. Fanø, mwanamke alivaa sketi kadhaa kwa pamoja na kufunga kitambaa kichwani, ncha zake mbili zikisimama juu kama masikio. Akienda shambani alivaa strude, kifuniko cha uso kinachoacha macho tu. Msomaji wa pwani atakumbuka barakoa, ila hii ilivaliwa kuzuia jua, upepo na mchanga.

Nguo za viwandani ziliyasukuma mavazi haya pembeni katika karne ya 19. Bernhard Olsen aliyakusanya mengi kwa ajili ya jumba la makumbusho la utamaduni wa watu alilolifungua Copenhagen mwaka 1885, na chama cha kuendeleza ngoma za asili kilichoanzishwa 1901 kikayarudisha uwanjani. Kila Julai, katika kijiji cha Sønderho kisiwani Fanø, wanawake huyavaa tena, wakisaidiwa na wale wanaojua kukunja kitambaa cha kichwa na kukibana kwa pini.