SIFONGO NA JOTO LA BAHARI

Somo la leo ni la historia, ila ni historia ya mnyama. Naam, sifongo ni mnyama. Mimi nami nilipokuwa shuleni nalidhani ni mmea wa baharini, wala sikuwa peke yangu. Ile sifongo laini ya kuogea si kitu ila nyuzi za mwili wake, zilizobaki baada ya nyama kuoza na kuoshwa.

Mnyama huyu hana kinywa wala macho. Hukaa mwambani, akavuta maji kwa vitundu vidogo vidogo, akachuja humo chakula chake, kisha huyatoa kwa tundu kubwa. Hawezi kukimbia. Maji yakipata joto, naye hupata joto pamoja nayo.

Jambo hili lilijulikana zamani sana. Aristotle, mwanachuoni wa Kiyunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba sifongo akikaa mahali palipokingwa mno penye joto huelekea kuoza, na kwamba walio bora hupatikana katika maji ya kina kirefu karibu na pwani, maana kina huwakinga na dhoruba na joto pia. Kipimajoto hakuwa nacho. Nadhani aliwasikiliza wazamiaji.

Basi watu wakakifuata kina. Katika kisiwa cha Kalymnos, nchi ya Ugiriki, wazamiaji walishuka wakishika jiwe bapa zito la kuwavuta chini. Miaka ya 1860 likaja vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa kupitisha hewa, na mtu akaweza kukaa chini muda mrefu. Lakini waliopanda juu upesi walipooza, na wengi walikufa. Kisiwani humo iko ngoma iitwayo mihanikos: mchezaji hutetemeka miguu kama mzamiaji aliyepooza. Hiyo ndiyo bei watu walioilipa kwa sifongo za kuogea.

Mwaka 1986 maradhi yakaanza kuenea kati ya sifongo wa Bahari ya Mediteranea. Walioguswa waliharibika hata nyuzi zao zikawa dhaifu, hazifai kuuzwa. Wazamiaji wengi waliathirika sana.

Kisha tazameni mwaka 1999. Kwa desturi, wakati wa kiangazi, maji ya juu ya bahari hiyo hupata joto, na yale ya chini hubaki baridi. Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo, katika pwani za Ufaransa na Italia ya kaskazini-magharibi, maji ya digrii 23 hadi 24 yalishuka hata mita 40 hivi, yakadumu majuma kadhaa. Sifongo walikufa kwa wingi, na matumbawe laini pia. Mwaka 2003 joto kali likarudi. Kile kina alichokisifu Aristotle hakikuwa tena kinga.

Joto hufanyaje kazi hiyo? Ndani ya mwili wa sifongo huishi bakteria wengi wanaomsaidia. Huko Australia, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2008, sifongo mmoja wa miamba ya matumbawe alistahimili maji ya digrii 31. Katika digrii 33 bakteria wake walipotea, wengine wa kigeni wakaingia, na nyama yake ikaanza kufa kwa muda wa siku chache. Digrii mbili tu!

Msidhani habari hii ni ya mbali. Katika karne hii ya 21, akina mama wa Jambiani, Unguja, wameanza kulima sifongo wakiwatundika kwenye kamba baharini. Kilimo cha mwani, kilichokuwa tegemeo la wengi pwani hiyo, kimepata hasara kwa sababu ya maji kuzidi joto.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu. Sifongo hawezi kuhama, lakini kamba yaweza kuhamishwa. Maji ya ufuoni yakizidi joto, ninyi mngeipeleka wapi, na mngeifikiaje kila siku?