Ajira za misaada ya wakimbizi Ngara na Biharamulo

Ajira za misaada ya wakimbizi Ngara na Biharamulo zilikuwa kazi za mshahara zilizotokea katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, baada ya wakimbizi kuingia kutoka Burundi (1993) na Rwanda (1994). Nyingi kati yake zilikoma ghafla mwishoni mwa mwaka 1996. Kuja na kuondoka kwake kulibadilisha namna wenyeji walivyopima mafanikio ya mtu kazini.

Chanzo

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Wengi walipokelewa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara. UNHCR na mashirika yasiyo ya kiserikali yalihitaji mara moja madereva, makarani, walinzi, wauguzi, watunza ghala na wakalimani. Wahangaza wa Ngara walikuwa na nafasi ya pekee, kwa kuwa Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Lugha ambayo haikuwa na cheti chochote shuleni ikawa sifa ya kuajiriwa.

Kuacha kazi za serikali

Mishahara ya mashirika ilizidi ile ya serikali mara kadhaa. Walimu, wauguzi na watumishi wengine waliacha vituo vyao, na shule na zahanati zikapungukiwa na watu. Si haki kuuita uamuzi huo tamaa tu. Miaka hiyo serikali ilikuwa ikipunguza watumishi kwa maelfu katika mageuzi ya utumishi wa umma, hivyo hata kazi iliyoitwa ya kudumu haikuaminika kama zamani. Hata hivyo, aliyejiuzulu aliacha nyuma cheo chake na miaka yake ya utumishi, akapokea mkataba wa muda mfupi.

Desemba 1996

Mapema Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR zilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Makambi yalipobaki matupu, mikataba nayo ilikwisha. Mtu aliyekuwa akiendesha gari la shirika alirudi kwenye shamba la migomba. Waliokuwa wameweka akiba katika nyumba, duka au masomo walibaki na kitu cha kushika, na wengine walifuata mashirika hadi makambi ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Kwa waliotaka kurudi serikalini, wakati ule wa kupunguza watumishi haukuwa mzuri.

Ndani ya kambi ya Lukole

Wakimbizi wenyewe walipatwa na jambo kama hilo. Katika kambi ya Warundi ya Lukole, wilayani Ngara, mwanaanthropolojia Simon Turner kutoka Denmark alichunguza hali ya wanaume waliopoteza mashamba na kazi zao. Kwa kuwa chakula kiligawiwa na UNHCR, mume hakuonekana tena kuwa mlishaji wa nyumba. Vijana waliopata kazi katika mashirika au uongozi wa mitaa ya kambi walipanda hadhi kuliko wazee wao. Lukole ilifungwa mwaka 2008, na ngazi hiyo nayo ikaondoka.

Baadaye

Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, iliendelea kutangaza baada ya makambi kwisha, jambo lisilo la kawaida kwa miradi ya wakati huo.

Huko Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005. Mwaka 2013 Barrick iliuacha na STAMICO, shirika la madini la taifa, likauchukua. Leo unaendeshwa na kampuni yake tanzu ya Stamigold. Huko Ngara, mkataba wa serikali kuhusu nikeli ya Kabanga ulitiwa saini Januari 2021, na vijana wa wilaya wameanza tena kuhesabu nafasi za kazi.